Seremala Hakumpima Mkewe

Katika nyumba ya seremala, vumbi la mbao halikuwa mgeni. Lilikaa juu ya meza na juu ya mito. Asubuhi lilielea kwenye chai. Mke wa seremala alilipuliza kando kwa pumzi moja, akanywa, akaenda kazini.

Kazini walimwita Nukta kwa sababu ya ufupi wake. Akisimama wima na viatu vyake, kichwa chake kilifika kwenye mfuko wa shati la mumewe. Jina hilo alipewa na wauguzi, wala halikumchukiza.

"Nukta ni ndogo," aliwajibu, "lakini sentensi isiyo na nukta haina mwisho."

Kazi yake ilikuwa kubeba damu. Kando ya barabara kuu ya lami kulikuwa na kliniki tano. Kila asubuhi wauguzi waliwatoa wagonjwa damu na kuitia kwenye vichupa vidogo. Kliniki zenyewe hazikuwa na mashine za kuipima. Mashine zilikuwa maabara kuu, kilomita ishirini na mbili kutoka kliniki ya mwisho. Damu ilipaswa kufika kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, inaharibika, na mgonjwa anachomwa sindano upya.

Kwa miaka sita Nukta alibeba vichupa vya kliniki moja tu, iliyo karibu na maabara. Alikwenda kwa miguu. Kisha pikipiki ya maabara ikafa, na hakuna nyingine iliyoletwa. Msimamizi wa maabara akamwita ofisini.

"Nataka mtu mmoja wa kliniki zote tano," alisema. "Baiskeli nzito ya mizigo haitawahi. Tafuta ile nyepesi ya barabarani, ya matairi membamba. Nitakujaribu miezi mitatu. Ukiiweza, kazi ni yako ya kudumu."

Nukta alirudi nyumbani karibu anakimbia. Tangu aajiriwe alikuwa kibarua, mtu wa leo upo kesho haupo. Kazi ya kudumu aliisikia kwa wengine tu.

Mumewe alimsikiliza huku akipiga randa. Alikuwa fundi aliyeheshimika. Mlango wake haukuhitaji kusukumwa kwa bega. Droo yake haikukwama hata mvua ikinyesha wiki nzima. Juu ya meza yake ya kazi alikuwa ameandika kwa chaki: PIMA MARA TATU, KATA MARA MOJA.

"Baiskeli niachie mimi," alisema.

Baada ya siku tatu alimwita kutoka nje. "Mama watoto! Toka uone!"

Nukta akatoka. Wifi yake, dada mkubwa wa seremala aliyeishi nao, akatoka pia na ufagio mkononi. Seremala alikuwa amesimama uani kama bwana harusi. Kando yake palikuwa na baiskeli nyekundu. Matairi yake yalikuwa membamba kama vidole viwili. Usukani wake ulipinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume.

"Nimeijaribu mwenyewe," alisema. "Nimelizunguka duka mara mbili. Inateleza kama sabuni!"

"Umeijaribu wewe?" Nukta aliuliza.

"Sasa nani tena? Muuzaji amesema inanikaa kama nguo ya kushonwa."

Wifi alicheka hadi akaegemea ufagio. "Wifi yangu, hiyo utapandia ngazi!"

Nukta aliisogelea. Kiti kilimfika kwenye mbavu. Alipovusha mguu na kusimama katikati, lile bomba la juu, linalotoka chini ya kiti kwenda kwenye usukani, lilimbana pabaya. Alisimama kwa vidole vya miguu, na bado likambana.

"Ni kubwa," alisema taratibu.

"Kikubwa hupunguzwa," seremala alijibu. "Kidogo hakiongezwi. Ndiyo sheria ya mbao."

Akakishusha kiti. Bomba linalokibeba likagota chini, na kiti kilikuwa bado juu. Basi akaingia karakana akatoka na msumeno wa chuma. Alilikata bomba lile kiasi cha shubiri moja. Kelele yake iliwatia ganzi ya meno. Akakishusha kiti mpaka mwisho. Akaona mikono ya mkewe haifiki vizuri kwenye usukani. Akakisukuma kiti mbele mpaka mwisho.

"Haya," alisema, akipangusa mikono. "Utaizoea."

Nukta alimtazama. Uso wa mumewe ulikuwa unang'aa kwa furaha. Mtu akikuletea kitu kwa furaha hivyo, utaanzaje kumwambia kimekukataa?

"Ahsante, baba watoto," alisema.

*

Wiki ya kwanza alidhani ni ugeni wa baiskeli. Wiki ya pili aliacha kudhani.

Pedali ikifika chini, alinyoosha vidole vya mguu kuifuata, na nyonga zikayumba kushoto na kulia. Pedali ikipanda juu, goti lilimkaribia kifua. Kiti kilikuwa mbele mno, kwa hiyo uzito wake wote ulimwangukia mikononi. Shingo ilikakamaa. Breki zilikuwa mbali na vidole vyake vifupi. Ili azishike, ilimbidi auachie usukani kidogo. Kila alipokata kona polepole, ncha ya kiatu iligusa gurudumu la mbele.

Mbaya kuliko yote ilikuwa mikono. Ganzi ilianzia kwenye vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia. Mwanzoni ilimwachia akishuka. Baadaye ilikaa mpaka wakati wa chakula. Halafu ikawa hailali wala haiamki, ipo tu.

Alimwambia mumewe.

"Vidole vinakufa ganzi."

"Utazoea."

Alimwambia tena, wakati mumewe akinoa patasi. "Miguu haifiki vizuri."

"Hata kiatu kipya hubana."

Alimwambia mara ya tatu mezani, mbele ya wifi. Wifi akadakia, "Wengine wanatembea peku, wewe una baiskeli nyekundu bado unalia?" Wakacheka wote wawili. Nukta naye akacheka kidogo, maana asiyecheka huonekana ana kiburi.

Mara ya nne alimwambia akiwa ameinua mkono hewani. "Tazama. Kidole hiki hakinyooki vizuri."

"Baiskeli imeshakatwa," seremala alisema. "Hairudi dukani. Unataka nifanyeje?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nukta hakusema tena.

Hata hivyo aliwahi kila siku. Miezi miwili ikapita bila kichupa hata kimoja kuchelewa. Msimamizi alianza kumsalimia kwa kumwinulia kidole gumba.

*

Siku hiyo, katika kliniki ya mwisho, palikuwa na mwanamke mjamzito kwenye benchi. Alivaa viatu vya plastiki vya kijani, vumbi likiwa limefika kwenye vifundo. Alikuwa ametembea kutoka mbali. Muuguzi alihangaika kuupata mshipa wake. Alichoma mkono wa kulia mara mbili, wa kushoto mara tatu. Damu ilipopatikana, mwanamke yule alimtazama Nukta akikifunga kichupa ndani ya sanduku la baridi.

"Ifikishe salama, dada," alisema. "Sina nyingine ya kuchezea."

"Itafika," Nukta alimjibu. "Hii ndiyo kazi yangu."

Akavaa kofia ngumu, akalitia sanduku mgongoni, akaondoka.

Karibu na maabara kulikuwa na njia panda yenye taa. Taa ikawa nyekundu. Lori mbele yake likasimama ghafla. Nukta alinyoosha vidole vya mkono wa kulia ili avute breki, na vidole havikuitika. Akavuta kwa mkono wa kushoto. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikayumba, ikataka kusimama. Akapeleka mguu chini kutafuta lami. Mguu haukufika. Lile bomba la juu likamgonga, akapinda kwa maumivu, na baiskeli ikaanguka naye.

Hakuvunjika mfupa. Kofia ilipasuka, kichwa kikabaki salama. Lakini aliangukia mgongo, na mgongoni lilikuwepo sanduku.

Vichupa kumi na kimoja vilivunjika.

Msimamizi wa maabara hakuwa mtu mkali. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Nukta. Alilifungua sanduku, akalitazama, akalifunga.

"Umeumia?" aliuliza.

"Kidogo."

"Kaa nyumbani wiki mbili. Ukirudi, nionyeshe kwamba unaweza kuisimamisha baiskeli yako. Usipoweza, nitatafuta mtu mwingine. Si kwa ubaya, Nukta. Hii si mizigo ya nyanya."

Wauguzi waliwatafuta wagonjwa kumi na mmoja ili wachomwe upya. Kumi walirudi, wengine kwa manung'uniko, wengine kwa matusi. Wa kumi na moja, yule wa viatu vya kijani, hakurudi. Hakuwa na simu, na kijiji alichokitaja hakuna muuguzi aliyekijua. Damu yake ilikuwa imekauka kwenye kitambaa cha sanduku. Nukta alikifua kitambaa kile mara nne.

*

Usukani ulikuwa umepinda. Nukta akaikokota baiskeli mpaka kwa Bi Gesi.

Bi Gesi alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye makovu madogo ya moto mpaka kwenye viwiko. Ujanani alishindana mbio za baiskeli. Sasa alizitengeneza na kuzibadilishana. Uani kwake baiskeli zilining'inia ukutani kama nguo sokoni.

Aliitazama baiskeli. Kisha akamtazama Nukta kuanzia kichwani hadi miguuni, akaitazama baiskeli tena.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Nimekuuliza ya nani, bibie. Sikukuuliza nani anaipanda."

Bi Gesi alilichomoa bomba la kiti, akaona mahali lilipokatwa. "Nani huyu aliyekata kwa mstari ulionyooka hivi? Huyu ni fundi."

"Mume wangu. Ni seremala."

"Kakata vizuri sana kitu ambacho hakikupaswa kukatwa." Akaliweka bomba chini. "Nionyeshe mikono. Vidole vya mwisho vina ganzi?"

"Umejuaje?"

"Uliegemea usukani badala ya kuushika. Ganzi ya siku moja ni onyo. Ikikaa siku tatu, unaacha kupanda na unakwenda kwa daktari. Yako ina muda gani?"

"Wiki saba."

Bi Gesi alivuta kigoda, akamkalisha. Hapo ndipo Nukta alipolia kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Bi Gesi hakumnyamazisha. Aliendelea kuunyoosha usukani mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Sasa sikiliza," alisema. "Baiskeli ni kama kiatu. Huwezi kuvaa namba tisa ukajaza pamba, ukasema nitazoea. Kiti kinashuka, sawa. Lakini fremu, yaani mwili wa chuma wenyewe, haishuki. Bomba la juu halishuki. Urefu kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani haupungui kwa kusukuma kiti mbele. Ukikisukuma, unaupeleka uzito mikononi."

"Kwa hiyo mtu mfupi anapimwaje?"

"Usiseme mfupi. Sema mguu. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na miguu tofauti. Nenda nyumbani. Vua viatu, egemea ukuta. Weka ubao kati ya mapaja, ukaze juu kama unakalia kiti cha baiskeli. Pima kutoka ukingo wa juu wa ubao hadi sakafuni. Uniletee namba. Na upime pia bomba la juu la baiskeli hii, kutoka ardhini."

"Huna futi hapa?"

"Ninayo," alisema Bi Gesi. "Lakini nataka ipimwe kwa futi ya mumeo."

*

Seremala alikuwa karakana. Nukta aliegemea ukuta, peku, ubao ukiwa kati ya mapaja. Wifi alisimama mlangoni.

"Nipime," Nukta alisema.

"Nikupime nini?"

"Mguu. Nipime kama unavyopima mlango."

Seremala alipiga goti, akavuta futi. Mikono yake ilifanya kama ilivyozoea. Akapima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Sitini na tisa."

"Sasa pima bomba la juu la baiskeli."

Akaisimamisha baiskeli, akapima mara tatu.

"Sabini na tisa," alisema. Kisha akabaki amepiga goti, futi ikiwa imeachama mkononi.

"Mlango ukikosea sentimita ngapi unaurudisha karakana?" Nukta aliuliza.

Seremala aliinamia futi.

"Ngapi?"

"Hata moja ni nyingi."

"Mimi umenikosea kumi."

Wifi aliutazama ufagio wake. Hakuwa na utani.

"Kwa nini hukuniambia?" seremala aliuliza hatimaye.

"Nilikuambia mara nne. Mara ya nne ulisema imeshakatwa."

Seremala alikunja futi polepole. Halafu akasema mbao za mteja zinamngoja, akarudi kwenye randa yake. Nukta alimsikia akiisukuma randa mahali pamoja kwa muda mrefu, kwenye ubao ambao tayari ulikuwa laini.

*

Kesho yake alimfuata mkewe kwa Bi Gesi bila kuitwa. Alisimama pembeni, mikono nyuma.

Bi Gesi alishusha baiskeli tatu kutoka ukutani.

"Nyekundu nitaichukua," alisema. "Nikiitia bomba jipya la kiti, itamfaa mtu mrefu. Hizi tatu ni ndogo. Chagua. Lakini usichague kwa macho."

Ya kwanza ilikuwa nyeupe yenye maua ya waridi, na imeandikwa ni ya wanawake. Nukta aliisogelea kwanza, kama mtu yeyote angefanya.

"Panda," alisema Bi Gesi. "Simama katikati. Bomba linakugusa?"

"Linanigusa kidogo."

"Basi maua hayajui mguu wako. Mwenye duka akiona mwanamke, anatafuta rangi. Wewe tafuta namba. Ingine."

Ya pili bomba lake lilikuwa chini vizuri. Lakini Nukta aliposhika usukani, viwiko vilinyooka kama fito.

"Ndefu," alisema mwenyewe.

"Umeanza kuona. Ingine."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka rangi. Magurudumu yake yalikuwa madogo kidogo kuliko ya zile nyingine. Seremala akanyoosha mkono.

"Ngoja niijaribu kwanza," alisema.

Bi Gesi alimgeukia taratibu. "Bwana, kazini atakwenda nani?"

"Yeye."

"Basi miguu yako ipumzike."

Nukta alivusha mguu. Nyayo zote mbili zilikaa chini. Kati ya mwili wake na bomba la juu vilipita vidole viwili, karibu vitatu.

"Hilo la kwanza," alisema Bi Gesi. "Sasa kaa, jishike ukutani. Weka kisigino juu ya pedali, pedali ikiwa chini kabisa. Mguu umenyooka, nyonga hazijayumba?"

"Umenyooka."

"Basi kiti kiko mahali pake. Ukipanda kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Goti halitaki kunyooka kama mti, wala kukunjwa kama chura."

"Lakini nikikaa hivi, miguu haifiki chini," Nukta alisema kwa hofu.

"Haipaswi kufika! Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanashusha kiti mpaka miguu iguse lami, kisha magoti yanalia. Ukitaka kusimama, shika breki, toka kwenye kiti, njoo mbele, shusha mguu mmoja. Kwa hiyo bomba la juu lazima liwe chini yako. Kwenye ile nyekundu ungetoka kwenye kiti ukaangukia wapi?"

Nukta alijua alikoangukia.

Waliendelea polepole. Viwiko vilikunjika kidogo, mabega yakalegea. Usukani ulikuwa na upana wa mabega yake, si wa mabega ya mwanamume. Bi Gesi alikaza skrubu ndogo kwenye kila breki, na breki zikasogea karibu na vidole. Alimwonyesha vyuma vinavyobeba pedali. Vilikuwa vifupi kuliko vya ile nyekundu, ili goti lisipande mno. Akamwambia ageuze usukani huku pedali ikiwa mbele. Kiatu hakikugusa gurudumu.

"Ndiyo sababu ya magurudumu madogo," alisema. "Sasa nenda nayo nusu saa. Kuzunguka duka mara mbili si kujaribu. Maumivu hayaji dakika ya kwanza. Panda mlima, shuka mlima, simama ghafla mara kumi. Ukirudi uniambie mwili umesema nini. Mwili wako, si wa mtu."

Nukta alikwenda. Aliporudi, jasho lilikuwa linamtiririka. Alisimama katikati ya uwanja, mguu mmoja chini, bila kuyumba.

"Hausemi kitu," alisema. "Mwili umenyamaza."

"Ndiyo hiyo," alisema Bi Gesi.

Nukta hakufurahi kama alivyotarajia. Alikuwa anafikiri jinsi jambo hili lilivyokuwa jepesi. Asubuhi moja tu, na mtu wa kumuuliza.

Seremala alisema atamtengenezea Bi Gesi mlango wa uani, kama fidia ya bomba lililokatwa. Bi Gesi akakubali.

"Upime," alisema.

*

Siku ya kumi na nne Nukta alifika maabara. Msimamizi alimtaka asimame kwa ghafla mbele ya lango mara tano. Alisimama mara tano. Miezi mitatu ya majaribio ilianza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo. Ilipokwisha, alipewa barua ya kazi ya kudumu. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia ndani ya sanduku la baridi, mahali ambapo haingelowa.

Mwaka mzima umepita tangu wakati huo. Hakuna kichupa kilichovunjika. Hakuna damu iliyofika baada ya saa sita. Magoti hayaumi, shingo haiumi. Wauguzi wawili wafupi wamekwenda kwa Bi Gesi, kila mmoja na namba ya mguu wake kwenye karatasi.

Kidole cha nne kimepona. Cha mwisho hakijapona. Daktari alisema neva ilibanwa muda mrefu. Alisema huenda kidole kikarudi, huenda kisirudi, na kwamba angekwenda mapema ingekuwa habari nyingine. Nukta hawezi tena kuingiza uzi kwenye sindano kwa mkono huo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kila asubuhi, kwenye kliniki ya mwisho, kabla ya kupokea vichupa, hutazama benchi. Hutazama chini, kwenye viatu. Muuguzi amezoea.

"Hajaja," humwambia, kabla hajaulizwa.

Seremala hajawahi kusema samahani. Labda hajui pa kuanzia, labda neno hilo hana. Lakini juzi mteja mmoja alikuja karakana kuagiza kabati la jikoni.

"La nani?" seremala aliuliza.

"La mke wangu. Weka rafu kimo hiki hapa." Mteja aliinua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe.

Nukta alikuwa uani, akisafisha mnyororo wa baiskeli. Alisikia randa ikinyamaza.

"Kamlete yeye," seremala alisema.

"Ana kazi nyingi. Kwani kuna nini? Kabati ni kabati. Atazoea."

"Sitengenezi kabati la mtu ambaye sijampima. Kamlete, au nenda kwa fundi mwingine."

Mteja alicheka, akidhani ni utani. Seremala hakucheka. Nukta, pale uani, alikikunja kidole chake cha mwisho. Alijaribu kukinyoosha. Kilifika nusu ya njia, kikagoma. Akachukua kitambaa kwa mkono mwingine, akaendelea kusafisha.